Nyevu wa Dirisha la Jioni

Siku hizi Nyevu Kadenge analala usingizi wa pono, na wanaomjua watakwambia hilo si jambo dogo. Anarudi kazini, anaoga, anakula wali wake, anapiga magoti kusali, na kabla hajafika kwenye amina tayari yuko mbali. Jirani anayepakana naye chumba humtania kwamba Mungu hupokea nusu tu ya dua zake. Nyevu hucheka. Kabla ya Ramadhani ya mwaka jana utani kama huo ungemkera, maana usingizi wenyewe alikuwa hana.

Nyevu ni muuguzi. Kwao ni Kaloleni, lakini amekaa Likoni miaka mingi hata hakuna tena anayemuuliza anatoka wapi. Ni mama wa makamo, mpana kidogo, mkali kidogo, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Alianzia wodi ya wazazi, akaipenda. Akahamishiwa chanjo, akavumilia. Kisha wakubwa wakampeleka kliniki ya methadoni, na wenzake wakampa pole kana kwamba amefiwa. Jina la kliniki hiyo tuliache. Ina mabati ya buluu, na watu wengi huiita "kwa mateja", neno ambalo Nyevu akilisikia hukasirika mpaka leo.

"Teja ni nani?" humuuliza aliyelitamka. "Mimi nina wagonjwa. Kama wewe una teja, mpeleke kwako."

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Mtu anayeacha unga hupewa methadoni, dawa ya majimaji anayoinywa kikombeni ili asishikwe na arosto, yale maumivu na mitetemo inayomrudisha mtu maskani, kule kwenye unga. Anainywa kila siku, palepale dirishani, muuguzi akimtazama, na akishameza lazima aseme neno ili ijulikane kwamba dawa imeshuka. Haendi nayo nyumbani. Kazi hiyo haina Krismasi wala Idd. Muuguzi akiugua, foleni haiugui.

Na foleni ilikuwa ndefu. Kliniki ilijengewa watu wachache, wakaja wengi, na kila aliyekuja alikuja na jambo la pili: huyu anasikia sauti, yule halali, mwingine ameanza kuzungumza na ukuta. Wodi ya wagonjwa wa akili ilikuwa ng'ambo ya maji, imejaa pomoni, na huko wakimwona mtu anatumia unga humwambia auache kwanza ndipo arudi. Huku naye huambiwa akatulize akili kwanza. Serikali iliweka dirisha moja huku na dirisha moja kule, na mwenye maradhi mawili ikamwachia feri. Kisha wafadhili wakafunga virago. Mshauri nasaha akaenda, mfamasia akaenda, kompyuta ya kuandika nani kanywa ikafa na hakuna aliyekuja kuizika. Wakabaki wauguzi wawili, Nyevu na Israa, na walipolalamika walijibiwa kwamba muuguzi wa tatu hayupo, na kwamba kumimina dawa kikombeni si kazi ya kumtoa mtu jasho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Israa Abdulhakim ni msichana wa kisiwani, ng'ambo ya feri, wa ukoo wa zamani wenye maduka, mpole hata akikuambia habari njema husema kama anayeomba radhi. Nyevu alimpenda kama mdogo wake. Ramadhani ilipokaribia, wakapanga zamu.

"Wewe shika asubuhi," Nyevu alimwambia. "Magharibi iwe ikikukuta kwenu, ufuturu na wazee wako. Jioni niachie mimi. Mimi sifungi, njaa yangu ni ya kawaida."

"Utachoka, Da Nyevu."

"Nimeshachoka. Nitachokea mbele."

Basi asubuhi wakawa wanakunywa wasiofunga, na jioni, adhana ya magharibi ikishatoka, wanakunywa waliofunga. Mpango ulikuwa mzuri. Wa jioni walikuja na futari, maana pwani mtu hali mwenzake akimwangalia: huyu kaimati, yule viazi vya nazi, mwingine uji ndani ya chupa ya chai. Nyevu akawa anarudi nyumbani ameshiba kuliko waliofunga. Kufika katikati ya mwezi sketi zote za kazini zilikuwa zimeanza kumbana, na alisema wazi kwamba Idd ikichelewa ataenda kazini amejifunga leso.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Israa hakumwambia. Katika foleni ya asubuhi walikuwamo Waislamu. Walikuwa wagonjwa waliokatazwa na daktari kufunga, na dini yenyewe imewaruhusu, ila ruhusa ya dini ni moja na macho ya mtaa ni mengine. Walikuja mapema, kofia zimo mifukoni, wakamwambia, "Nisitiri, dada." Israa akawasitiri. Alilelewa hivyo: aibu ya mtu ukiiona unaifunika, huitembezi. Kwa Nyevu aliripoti tu kwamba wa asubuhi wamekunywa, na Nyevu hakuuliza ni akina nani.

Mmoja wao alikuwa Aqil, kijana mrefu mwenye haya, aliyesomea ufundi wa umeme kabla unga haujamchukua. Alipouacha unga, sauti zikaja. Israa ndiye aliyevuka naye feri, akakaa naye benchini kimya, siku baada ya siku, mpaka daktari wa akili akachoka kumwona na kumwandikia kijana vidonge. Vidonge vilizituliza sauti. Lakini vilitaka chakula na maji mengi mchana, na daktari alimkataza Aqil kufunga. Nyevu alijua habari ya vidonge. Habari ya saumu ilibaki kwa Israa.

Mamake Aqil ni Bi Waridi, mjane, mtu wa Mtongwe wa asili, anayetembea polepole kwa sababu haoni la kumkimbiza. Kwa miaka, akiulizwa arusini Aqil yuko wapi, alijibu kwamba yuko Omani. Omani yenyewe ilikuwa ghala bovu nyuma ya soko, na wengi wa waliouliza walijua. Mwezi huo ulipoanza Bi Waridi alikuwa Lamu matangani. Aliporudi alimkuta mwanawe amenenepa kidogo, ametulia, anaitika akiitwa. Akaona moyoni mwake kwamba kijana aliyetulia namna hii hawezi kuwa hafungi. Akamwambia, "Umefunga, mwanangu," hakuuliza, alisema, na Aqil akainamisha kichwa. Jioni ya siku ileile akavaa buibui lake jema, akamshika mkono, akampeleka dirishani mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Waridi," Nyevu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekutilia sambusa humu, kula zingali moto. Na huyu nataka umtie kwenye watu wa jioni. Mwanangu yuwafunga."

Hilo la mwisho alilisema foleni nzima isikie, na foleni ikaitikia mashallah.

Nyevu alifurahi, furaha ya kweli, maana aliikumbuka siku Aqil alipokuja mara ya kwanza akiburutwa. Sasa, kanuni ilikuwa wazi: mtu akihama zamu, unampigia mwenzako kwanza. Lakini adhana ilikuwa imetoka sasa hivi. Israa angekuwa na tende mdomoni, na nani humpigia mtu simu akifuturu? Tena kumuuliza Mwislamu, mbele ya mamake na mbele ya wanaume wa mtaa wake, kama kweli asubuhi hakutia kitu kinywani, Nyevu aliona ni utovu wa adabu, hasa kwa mtu wa kanisa kama yeye. Akamimina dawa.

Aqil alikishika kikombe akamtazama, mtazamo wa mtu anayetaka kuulizwa. Nyevu hakuuliza. Aqil akanywa.

"Haya, sema neno."

"Ahsante, sista."

Mama na mwana wakaondoka wameshikana mikono. Foleni ikasonga, ikaisha, na Nyevu akafunga dirisha, akakaa na zile sambusa, akampigia Israa, si kwa kanuni bali kwa umbea mwema.

"Leo umekosa jambo," alisema kinywa kimejaa. "Bi Waridi kamleta Aqil. Kijana anafunga, Israa. Mama kang'ara utadhani yeye ndiye bibi arusi."

Upande wa pili kijiko kikagonga sahani.

"Israa?"

"Umempa dawa?"

"Nimempa, ndiyo."

"Da Nyevu, mimi nimempa asubuhi." Sauti yake ilikuwa haisikiki vizuri. "Yuaja kila siku asubuhi. Hafungi, daktari kamkataza. Alinambia nimsitiri."

Sambusa ikaanguka. Nyevu alijua hesabu yake bila kuandika. Methadoni mara mbili kwa siku moja, juu ya vidonge vinavyolaza: mtu hulala, kisha mwili ukasahau kupumua. Hapigi kelele wala haanguki. Hulala tu, na nyumba nzima husema afadhali amepata usingizi.

Alimpigia Bi Waridi, hakupokea. Ilikuwa saa ya tarawehe. Aliomba ambulensi. Ambulensi ilikuwa imempeleka mja mzito kisiwani, na sasa ilikuwa upande usiofaa wa maji, ikingoja feri. Basi akachukua kisanduku cha naloksoni, sindano ya kumzindua aliyezidiwa na dawa, akaruka bodaboda mpaka Mtongwe. Njia nzima alimlaumu dereva kwa mwendo, Israa kwa upole wake, wakubwa kwa kila kitu, na mwisho akafika kwa Nyevu Kadenge, akamlaumu huyo kuliko wote.

Bi Waridi alikuwa bado juu ya msala, ndiyo kwanza ametoa salamu ya mwisho. Alifungua mlango uso umetulia.

"Karibu, sista. Kuna heri?"

"Aqil yuko wapi, mamangu?"

"Yuwalala. Muwate alale, mwanangu. Tangu yaanze maradhi haya sijamuona kulala hivi. Sikiza avyokoroma."

Nyevu alisikia. Ulikuwa mkoromo mzito, wa polepole, kama uji unaochemkia moto mdogo. Ukanyamaza. Ukanyamaza muda mrefu, kisha ukaanza tena. Na mama alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba akiufurahia.

Nyevu alimpita bila kuomba ruhusa. Midomo ya kijana ilikuwa imekuwa ya kijivu. Alimwita, akamtikisa, akamfinya sikio kwa nguvu zote alizokuwa nazo, asiitike. Akavunja chupa ya naloksoni, akavuta dawa, akamdunga pajani juu ya kikoi chake.

"Wamdunga ya nini?" Bi Waridi aliuliza nyuma yake. "Mwanangu ana ugonjwa gani? Kafuturu vizuri, kala."

"Nimempa dawa kupita kiasi, Bi Waridi. Kosa ni langu. Njoo umshike kichwa hivi, kidevu juu."

Bi Waridi akaja. Hakulia wala hakuuliza tena. Alikishika kidevu cha mwanawe kwa mikono miwili, midomo yake ikicheza kwa dua. Nyevu alikuwa akimpulizia pumzi na kuhesabu moyoni, na kati ya pumzi na pumzi aliomba kwa lugha ya Kaloleni, lugha ambayo hakuwa ameombea tangu mamake afe. Kisha kifua kikapanda chenyewe. Kikapanda tena. Aqil akavuta hewa kwa kelele, akafumbua macho, akawatazama wote wawili kwa hasira ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

"Mbona mwanijazia chumba?" aliuliza.

Nyevu akaketi sakafuni palepale. Alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na hakuona haya kwa lolote. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hakupata kusikia swali tamu kama lile.

Hata hivyo hayakuwa yamekwisha. Naloksoni huisha mwilini mapema, methadoni hubaki, na mtu anaweza kuzama tena. Ilibidi akalale hospitali aangaliwe. Wakampandisha tuktuk, na hospitalini, penye dirisha la mapokezi, karani akauliza bila kuinua uso, "Wa dawa au wa akili? Wa akili hatuna kitanda. Wa dawa ana kliniki yake."

"Huyu ni wa Bi Waridi," Nyevu alisema. "Andika hivyo, na ufungue mlango."

Daktari wa zamu alikuwa Nguma, kijana aliyekuwa peke yake kwa wodi tatu na macho mekundu kama ya aliyevuta moshi wa kuni. Alimjua Nyevu tangu wodi ya wazazi. Hakuwa na kitanda, akakitafuta, akakipata ukutani penye korido ya wodi ya wanaume, vitanda vikigusana.

"Da Nyevu, kumlaza nitamlaza," alisema. "Wa kumkalia ndiye sina."

"Mimi nipo."

Israa naye akaja, macho yamemvimba, kanga amejitanda ovyo. Wakamkalia kwa zamu, mmoja akisikiliza pumzi, mwenzake akifumba macho kitini. Mara mbili pumzi zilianza kupungua, mara mbili wakamdunga tena, na mara zote mbili akarudi, kila safari na malalamiko mapya. Nyevu alimwambia aendelee kulalamika, ni haki yake.

"Laiti ningekwambia," Israa alinong'ona. "Ningekutajia majina tangu siku ya kwanza."

"Na mimi laiti ningeuliza. Wewe umesitiri, mimi nikaheshimu, kidogo tumzike kijana wa watu kwa adabu zetu."

Israa alijaribu kucheka, akashindwa, akamlalia Nyevu begani. Tangu siku ile mambo hayo yamekoma. Wa asubuhi hutajwa kwa wa jioni mmoja mmoja, kwa jina, awe Israa anafuturu au yuko arusini, na mtu akihama zamu simu hupigwa kwanza, liwe tende au pilau mdomoni. Wakubwa nao, waliposikia nusu ya habari, walimpata muuguzi wa tatu waliyesema hayupo. Nyevu hakuwauliza walimtoa wapi. Ukipewa, pokea.

Kulipokucha Aqil alikuwa macho, rangi imemrudi midomoni. Nguma akamsikiliza kifua, akasema sindano basi, aendelee tu kuangaliwa mpaka jioni. Nyevu akahisi mabega yakimshuka. Hakujua kwamba alikuwa ameyapandisha tangu jana yake.

"Mama," Aqil alisema.

Bi Waridi alikuwa ameketi miguuni pake, amekula daku ya maji tu, tasbihi mkononi.

"Si kosa la sista. Asubuhi nilikuwa nimeshakunywa. Sikufunga hata siku moja. Daktari kanikataza kwa sababu ya vidonge vyangu, na mimi niliona haya kukwambia. Ulivyofurahi vile, niliona haya."

Bi Waridi aliendelea kuvuta tasbihi. Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelazwa mzee mmoja wa Mtongwe, na mkewe, mmoja wa wale walioambiwa habari za Omani, alikuwa ameketi hapo ubavuni, amesahau kumpepea mumewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema, lakini hilo ni jepesi kusema kama maradhi si ya mwanao. Nyevu aliinama akijifanya kufunga kamba ya kiatu. Alimwonea huruma Bi Waridi, akatamani mke wa mzee apatwe na haja ya kwenda msalani.

Wakati huo akaingia mwanamke wa chai na kigari chake. Mwezi wa Ramadhani kila kitanda huulizwa kwanza. Mzee wa kitanda cha pili akatiliwa. Kwa Aqil mwanamke aliona buibui la mama, akaona tasbihi, asiulize kitu. Akakisukuma kigari mbele kwa heshima.

"Rudi," Bi Waridi alisema.

Mwanamke akasimama.

"Huyu hafungi. Ni mgonjwa." Hakupunguza sauti; korido yote ilimsikia, na jirani wa kitanda cha pili alimsikia kuliko wote. "Alikuwa akitumia unga, na sasa yuwanywa dawa. Akili yake nayo ina dawa yake. Mtilie chai mwanangu, na sukari usimbanie."

Akakipokea kikombe mwenyewe, yeye na saumu yake, akakipoza, akamshikia mwanawe, kwa kuwa mikono ya kijana ilikuwa bado haina nguvu. Aqil alikunywa akimwangalia mamake juu ya ukingo wa kikombe, machozi yakimtoka bila kelele. Alipomaliza, Bi Waridi akamfuta kidevu kwa ncha ya buibui lake jema.

Kisha akamwombea cha pili.